Kamera Ielekee Majini: Mpiga Filamu wa Ridhaa na Kichocho cha Ziwa Nyasa

Elimu ya kichocho ina ugumu ambao elimu ya malaria haina. Mbu huonekana, huuma, hulia masikioni usiku, na kila mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa anamfahamu kabla hajajua kusoma. Kiluwiluwi cha kichocho hakina mlio, hakimshtui aliyemo majini, na urefu wake haufiki hata milimita moja. Mama anayeambiwa kwamba maji maangavu ya Ziwa Nyasa, ambayo ndani yake anaona vidole vyake vikigusa mchanga, yamebeba maradhi, anaombwa aamini neno la mtu mwingine dhidi ya ushahidi wa macho yake mwenyewe. Hilo si jambo dogo, na wahudumu wa afya wasishangae wanapolisema neno hilo kwa miaka mingi na bado mwambao umejaa watu saa nne asubuhi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kisichoonekana kinahitaji kuonyeshwa, na kwamba mtu mwenye nafasi nzuri ya kukionyesha si lazima awe mtaalamu wa studio kutoka Dar es Salaam. Aweza kuwa kijana mpenda sayansi mwenye simu, subira na kitabu kimoja cha baiolojia ya sekondari. Lakini hoja hiyo ina sharti ambalo bila hilo ni afadhali simu ibaki mfukoni: kamera ielekee majini, isielekee kitandani mwa mgonjwa.

Liuli ni mahali pazuri pa kulitafakari jambo hili. Ni mji mdogo wa ufukweni, kaskazini mwa Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Wajerumani waliuita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wa pwani uliowakumbusha sanamu ya Misri, na hapo ndipo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipoishambulia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Wageni wenye kamera huja kwa ajili ya mwamba, machweo na mitumbwi. Hospitali ya misheni ya Mtakatifu Anna iko hapo hapo, na wagonjwa wake wengi ni watu ambao maisha yao yote hupita kwenye maji: wavuvi wa usipa wanaorudi alfajiri na karabai zao, wanawake wanaoanika usipa huo kwenye vichanja, wanaosuuza muhogo, wanaofua na kuosha vyombo, na watoto ambao kwao ziwa ni bafu na uwanja wa michezo. Ziwa lenyewe lina kina cha mita zipatazo 700 na samaki wa jamii nyingi kuliko ziwa lolote lingine duniani. Mpiga filamu mwenye jicho la sayansi hakosi kitu cha kutazama hapo.

Watu wa aina hiyo wapo, ingawa hawajiiti kwa jina hilo. Wengi wao hukaa mjini kwa kazi au masomo, hurudi nyumbani Nyasa kwa likizo ya Desemba, na maisha yao ya kila siku yanafanana na ya wengine wote. Asubuhi ni daladala au mwendokasi, mchana kazi, jioni ni kutafuta kadi ya kumbukumbu ya bei nafuu Kariakoo. Tofauti iko katika yale yanayowavutia. Mwingine akiona mkate umeota ukungu huutupa; yeye huuweka kidirishani na kuupiga picha kila baada ya saa moja kwa siku tatu, kisha hukesha akiziunganisha picha hizo ziwe filamu ya nusu dakika, usiku ambapo bando la intaneti ni rahisi. Hufungia lenzi ya tochi mbovu mbele ya simu ili amwone siafu kwa ukubwa. Majirani humwona kama mtu aliyepungukiwa kazi.

Historia haikubaliani na majirani hao. Percy Smith alikuwa karani katika ofisi ya elimu jijini London, na wadudu walikuwa burudani yake baada ya kazi. Filamu zake za inzi, zilizotoka kati ya 1908 na 1910, ziliwashangaza watu waliokuwa wakimwona inzi kila siku bila kumtazama. Mwaka 1910 alitoa filamu iliyoonyesha maua yakichanua kwa sekunde chache, na baadaye nyumba yake iligeuka karakana ya mitambo aliyoiunda kwa vitu vya kuokoteza. Husimuliwa kwamba aliunganisha kengele za kumwamsha usiku kamera inapoharibika. Jijini Paris, mwaka 1909, daktari Jean Comandon aliifunga kamera kwenye hadubini na kuwaonyesha wanasayansi vimelea vya kaswende vikitembea. Madaktari wengi wakati huo walikuwa wamevijua kwa mchoro tu. Kati ya hao wawili, karani ndiye anayefaa zaidi kuwa kielelezo kwa Liuli, kwani hakuwa na maabara wala cheo. Alikuwa na muda na udadisi.

Tanganyika nayo ina historia yake ya filamu za afya, na haikuwa historia ya mafanikio matupu. Kati ya 1935 na 1937, katika milima ya Usambara, kituo cha Vugiri kilikuwa makao ya mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment. Msimamizi wake wa kazi, L. A. Notcutt, aliwahi kuwa meneja wa shamba la mkonge aliyejaribu kuwaonyesha wafanyakazi filamu kabla ya kupata fedha za wafadhili. Mradi ulitengeneza filamu zipatazo 35, zikiwamo za afya, na gari la maonyesho lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Upande wa magharibi mwa Afrika, William Sellers, afisa wa afya nchini Nigeria, alikuwa akifanya kazi kama hiyo, na ndiye aliyekuja kuongoza kitengo cha filamu cha makoloni kilichoanzishwa na Uingereza mwaka 1939.

Kuhusu enzi hiyo kuna visa viwili vinavyosimuliwa mara kwa mara. Cha kwanza: watazamaji walionyeshwa mbu aliyejaa kitambaa chote, wakatoka wakishukuru kwamba kwao hakuna mbu wakubwa namna ile. Cha pili: mkaguzi wa afya alionyesha filamu kuhusu usafi wa nyumba, na watazamaji walipoulizwa wameona nini wakajibu kwamba wameona kuku. Kuku huyo alikuwa amekatiza pembeni kwa muda usiozidi sekunde moja, na mtengenezaji mwenyewe hakujua kwamba yumo.

Visa hivi husimuliwa kama kichekesho juu ya watazamaji. Ukivitazama vizuri, aliyekosea ni mwenye kamera. Mtu aliyeonyeshwa mbu mkubwa kama ng'ombe bila kuonyeshwa jinsi alivyokuzwa, akahitimisha kwamba ni mbu mwingine, amefikiri sawasawa. Na aliyemwona kuku aliona kitu pekee kilichofanana na maisha anayoyajua katika filamu iliyotengenezwa na watu wasiomjua. Filamu nyingi za wakati ule zilijengwa juu ya wanaume wawili, mwerevu na mjinga, na mtazamaji alijua fika ni yupi kati yao alikusudiwa kuwa yeye. Inasikitisha kuona mtindo huo bado unaishi katika baadhi ya michezo ya kuigiza ya afya, ambamo mwanakijiji huropoka upuuzi mpaka muuguzi aje kumzindua.

Basi mpiga filamu wa Liuli anayetaka kuonyesha kichocho aanze na kipimo. Aweke konokono kwenye kiganja chenye glavu, kando ya punje ya mchele. Kisha picha isogee taratibu, bila kukatwa, kutoka kwenye kiganja hadi kwenye gamba, na kutoka kwenye gamba hadi kwenye tone la maji. Mtazamaji asafiri na lenzi. Akifika kwenye kiluwiluwi chenye mkia wa panda mbili atakuwa anajua amepita wapi, na atajua kwamba kiumbe huyo hatoki nchi nyingine bali yumo katika tone lile lile.

Kuna mengine ambayo filamu huyasema vizuri kuliko kipeperushi, na la kwanza ni saa. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi zaidi karibu na mchana. Ndiyo maana maabara huomba mkojo uliochukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Konokono nao huachia viluwiluwi kwa wingi zaidi jua linapokuwa juu, katika saa hizo hizo. Kimelea hiki kimezipanga saa zake kulingana na saa za binadamu kuingia majini. Kamera ikiwekwa juu ya mwamba tangu alfajiri hadi jioni, ikipiga picha moja kila dakika, kisha siku nzima ikapita mbele ya mtazamaji kwa dakika mbili, ataona mwenyewe mwambao ukijaa na kupungua, na mstari mwembamba wa saa ukipita chini ya picha utasema yaliyobaki. Mbinu hiyo ndiyo ile ya Percy Smith na maua yake. Kwa umbali huo nyuso hazitambuliki, na hilo pia ni sehemu ya mbinu.

La pili ni samaki, na hapa wavuvi watasikiliza kuliko wanapoambiwa habari za choo. Upande wa Malawi, wataalamu waliochunguza kusini mwa ziwa walieleza kwamba maambukizi katika fukwe za wazi yaliongezeka tangu miaka ya 1980, na maelezo yao yanahusisha ongezeko hilo na kupungua kwa samaki wanaokula konokono kutokana na uvuvi wa kupita kiasi karibu na ufuko. Wengine hulijadili jambo hilo bado, kama inavyostahili katika sayansi. Hata hivyo kwa mtu anayeishi kwa nyavu, habari kwamba samaki fulani ni mlinzi wa afya ya mwanawe si habari ya kuipuuza, na mpiga filamu anaweza kuiuliza ufukweni kama swali: ni samaki gani waliokuwa wakipatikana hapa zamani, na sasa wako wapi?

Uaminifu unadai jambo moja zaidi. Kukuta konokono ufukweni si ushahidi kwamba ufuko huo unaambukiza. Si kila konokono ni wa jamii inayobeba kichocho, na si kila wa jamii hiyo ameambukizwa. Filamu isitangaze kwamba eneo fulani ni hatari mpaka wataalamu wamekusanya konokono na kuwapima. Mtaa ukishapewa jina baya kwenye simu za watu, jina hilo halifutiki kwa taarifa ya kusahihisha.

Kuhusu hadubini za simu, matumaini na tahadhari vyote vina mahali pake. Kisiwani Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulitumia simu ya kawaida iliyobandikwa lenzi ndogo ya duara kwa utepe wa gundi pande mbili, gharama ya nyongeza ikiwa dola chache, kutafuta mayai ya minyoo katika sampuli za choo za watoto. Ikilinganishwa na hadubini ya maabara, simu ilitambua takriban 81% ya sampuli zenye mayai ya minyoo ya duara, lakini kwa minyoo ya safura haikufika 15%. Maana yake ni wazi: kifaa kinachotosha kumwonyesha mtazamaji maajabu hakitoshi kumwambia mzazi kwamba mwanawe hana ugonjwa. Kijana mwenye lenzi asigeuke maabara ya mtaa. Picha ni ya kufundishia; kipimo kina chumba chake na mtu wake.

Usalama wake mwenyewe nao usisahauliwe, kwa sababu mpenda picha nzuri husahau mambo mengi. Maji ya ziwa hayachagui, na kiluwiluwi huweza kupenya ngozi katika dakika chache. Asiingie majini peku kwa ajili ya pembe nzuri ya kamera. Avae mabuti ya mpira na glavu. Kazi ya kuwaweka konokono kwenye mwanga ili waachie viluwiluwi ifanyike maabara chini ya mtu aliyefunzwa, kamwe si kwenye glasi juu ya meza wanapolia chakula wadogo zake.

Sasa sharti lenyewe. Kwa Kiswahili neno ridhaa lina kazi mbili: mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa mapenzi bila malipo, na ridhaa ya mgonjwa ni ukubali wake anaoutoa akiwa huru na akiwa ameelewa. Mpiga filamu wa ridhaa asiye na ridhaa ya mtu ni mvamizi, hata kama nia yake ni njema. Na katika kichocho uvamizi huo huumiza kwa namna ya pekee. Kichocho cha mkojo huathiri via vya uzazi vya wanawake: huleta vidonda, kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, maumivu, wakati mwingine utasa, na huhusishwa na hatari kubwa zaidi ya kupata VVU. UNAIDS imekadiria kwamba wanawake wanaoishi na hali hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara wanaweza kufikia milioni 56. Wengi wao huambiwa kwamba wana ugonjwa wa zinaa, hutibiwa ugonjwa ambao hawana, na hurudi nyumbani na aibu isiyo yao. Mwanamke wa namna hiyo akionekana hata kwa sekunde tatu katika filamu yenye neno kichocho, akiwa amekaa kwenye benchi la wodi, katika mji ambao kila mtu anamjua kila mtu, hakuna maelezo yatakayomrudishia alichopoteza.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini sheria si sababu kuu. Mgonjwa anayeombwa ruhusa na mtu aliyevaa koti jeupe, au aliyeambatana na mwenye koti hilo, mara nyingi hukubali kwa sababu anaogopa kwamba akikataa hatahudumiwa vizuri. Kukubali huko si ridhaa. Kwa hiyo msimamo ulio salama kwa filamu ya kichocho ni mkali kidogo kuliko sheria: hakuna uso wa mgonjwa, hakuna jina, hakuna mtoto anayeoga. Mkojo wenye damu waweza kuonyeshwa katika chupa isiyo na jina. Habari ya mwanamke aliyetibiwa kimakosa yaweza kusimuliwa na mkunga kwa maneno ya jumla, huku kamera ikitazama mikono yake. Wapo watakaosema kwamba filamu isiyo na uso haigusi moyo. Watazame tena zile filamu za inzi.

Kuna pingamizi jingine lenye uzito zaidi, nalo hutoka kwa wagonjwa wenyewe. Mama atauliza: baada ya kuona hayo yote, nifulie wapi? Filamu inayomwambia asiende ziwani, ilhali bomba la mtaa wake halitoi maji, inarudia kosa la mwerevu na mjinga. Filamu ya kweli itaonyesha bomba kavu kwa muda ule ule inaomwonyesha konokono, na pengine kidogo zaidi. Itaeleza kinachowezekana leo: kwamba maji ya ziwa yakichotwa na kukaa kwenye chombo siku mbili, viluwiluwi vilivyomo hufa, kwamba kuyachemsha huviua mara moja, kwamba kuchota alfajiri kunapunguza hatari ijapokuwa hakuiondoi, kwamba mkojo au choo kikubwa kisipofika majini, konokono hana cha kubeba. Maji yaliyotulizwa siku mbili yanafaa kuogea kwa habari ya kichocho, ila hayajawa salama kunywa. Itaeleza pia dawa ya prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kile kijiti cha kupimia urefu ambacho watoto shuleni hukiona kila kampeni inapokuja bila kuelezwa kwamba kinachukua nafasi ya mizani. Mtazamaji aambiwe bila kuzungushwa kwamba dawa huua minyoo iliyokomaa, haizuii kuambukizwa upya, na haiui vema ile michanga, ndiyo maana mtu aliyemeza mwaka jana huweza kuugua mwaka huu bila dawa kuwa ya bandia.

Hospitali na vituo vya afya vina wajibu mdogo katika haya, na si wa fedha. Kila kituo kiteue mhudumu mmoja, yamkini mtu wa maabara, ambaye kijana mwenye kamera aweza kumwendea ili ayahakiki anayotaka kusema kabla hayajasambaa. Saa mbili kwa mwezi zatosha. Hospitali inayomfukuza kijana huyo getini haimzuii kupiga filamu. Inamzuia tu kupiga filamu iliyo sahihi. Atarudi mtaani akachukue maelezo yake kutoka kwa muuza dawa za mizizi, naye atakuwa amepata mshauri aliye tayari kuzungumza.

Filamu ikikamilika, ionyeshwe kwanza kwa watu kumi wa mwambao kabla ya kuonyeshwa kwa mkuu yeyote. Shuka jeupe ukutani jioni latosha, au simu yenyewe ikipita mkono kwa mkono kwenye foleni ya kliniki. Watazamaji wasiulizwe kama wameipenda, kwa maana watu wa Nyasa ni waungwana na watasema ndiyo. Waulizwe wameona nini. Wakijibu kwamba wameona kuku, mpiga filamu arudi kwenye mwamba wake na kuanza upya, na kuku huyo amwache abaki.